Kipimo cha Gari Lenye Mzigo

Katesh, Hanang
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, goti limeacha kukusumbua, na Baba amekubali kuvaa sweta bila kugombezwa. Mimi ni mzima, ila pua imebabuka kwa upepo wa huku. Naandika kwa sababu simu yako hukata sauti kila ninapofika kwenye utamu, na haya ya leo sitaki yakatwe.

Fundi Tluway, bosi wangu hapa gereji, alinikabidhi gari la zahanati ya Yaeda Chini nilishughulikie peke yangu. Akasema, "Skola, hili ni lako. Likirudi linagonga, na wewe urudi kwenu Mbinga ukapalilie kahawa." Usicheke, Mama. Mtu yule hatanii, na usiku ule sikumaliza hata ugali wangu.

Kazi yenyewe ni hii. Njia ya kushuka bonde la Yaeda ina mawe yanayokwangua tumbo la gari, kwa hiyo tuliweka springi ndefu ili linyanyuke. Lakini ekseli ya nyuma imeshikwa na vyuma virefu tunavyoviita amu. Gari likinyanyuka, amu zinalala mshazari na kuivuta ekseli mbele, tairi nalo linaifuata. Inabidi uweke amu ndefu zaidi kuirudisha mahali pake. Zikiwa fupi, tairi linakula madigadi upande wa mbele. Zikizidi urefu, linakula upande wa nyuma. Na za juu zisipopatana na za chini, pua ya difu, lile bonge la katikati ya ekseli, inainama vibaya, na propela, chuma kinacholizungusha, inatetemeka mpaka meno ya abiria yanagongana. Upana wa kidole kimoja tu, Mama! Gari zito vile, linaloweza kubeba ukoo mzima, linasikiliza upana wa kidole. Nilikaa chini nikalitazama kama mtu aliyeingia kanisani kwa mara ya kwanza.

Nilipata amu za kurefusha kwa kuzungusha nati. Nikapima siku mbili, tairi likakaa katikati kabisa. Fundi Tluway alizunguka gari mara moja, akakohoa, akaondoka. Nikajiona bingwa.

Alhamisi tukaondoka na Petro, dereva wa zahanati, kijana wa kijiji cha Daudi anayeongea kuliko redio. Sasa, huku kuna desturi moja: gari linaloteremka Yaeda halimpiti mtu. Tulipotoka Mbulu mjini tulikuwa wawili na maboksi ya dawa. Tulipoanza mteremko tulikuwa kumi na mmoja, na magunia ya mahindi, vitunguu saumu, na mbuzi wawili waliofungwa miguu. Kwenye kona ya tatu nikasikia kwaruu, kwaruu, kisha harufu ya mpira unaoungua. Tairi lilikuwa linakula madigadi kwa nyuma. Niliiona kahawa ya Mbinga, mstari kwa mstari, na jembe langu.

Petro akasema, "Mama yangu wee, tumekwisha." Mimi nikaingia chini ya gari, nikapima urefu wa amu, sikuona kosa. Machozi yalinitoka, sikufichi.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kibarabaig, mfugaji, amekaa juu ya gunia na kibuyu chake cha maziwa. Nilipomwamkia asubuhi aliitikia marahaba bila kunitazama. Sasa akainama kutoka juu akaniuliza, "Wewe ulipima hili likiwa na watu?"

"Hapana, Mama. Likiwa tupu."

Akashangaa kweli. "Mbona tupu? Sisi punda tunamfunga kamba mzigo ukiwa mgongoni. Ukimfunga mtupu, njiani kamba inamkata."

Ni kweli, Mama. Gari likibeba mzigo springi zinakaa chini, amu zinanyooka na kuisukuma ekseli nyuma. Nilikuwa nalijua hilo. Lakini nilipima gari la peke yake, na huku hakuna gari la peke yake. Mwenye kufunga punda mizigo kila siku aliniambia kwa sentensi mbili nilichokosa kwa siku mbili.

Watu wakaanza kushuka, kama ilivyo kawaida gari likiharibika. Nikapiga kelele, "Hakuna kushuka! Rudini mkae!" Walicheka sana. Tukaweka mawe kwenye matairi, nikalala vumbini na spana zangu, watu wote na mbuzi wao juu, nikafupisha amu nati kwa nati, juu na chini zikipatana, mpaka tairi likapata nafasi mbele na nyuma. Yule mama alikuwa ananiteremshia maziwa kwenye kifuniko cha kibuyu.

Tulifika bila mkwaruzo. Kesho yake tukapanda kurudi Mbulu na mama mmoja mjamzito, mimba ya miezi tisa, nesi amempakata kichwa. Kwa hofu nilitega sikio nyuma njia nzima, jiwe kwa jiwe, nisisikie kitu. Tulipofika juu nikageuka kuuliza hali yake. Nesi akaweka kidole mdomoni. Alikuwa amelala usingizi, Mama, anakoroma kabisa.

Alijifungua salama Mbulu, mtoto wa kike.

Nisalimie Baba, na shangazi anayeniombea mume kila jioni, umwambie apumzike kidogo. Msalimie kaka yangu mkubwa na shemeji, na bibi umshike mkono kwa niaba yangu. Mwambie kila mmoja kwamba Fundi Tluway alipolizunguka gari tena hakukohoa. Aliniuliza tu kama ninaweza kuanza jingine Jumatatu. Nimesema ndiyo. Kahawa ya mwaka huu, Mama, itafutie mtu mwingine wa kuipalilia.

Ni mimi binti yako, mikono michafu, moyo mweupe,
Skolastika