Baba Kulwa, Leo Nimepimwa Tena Moyo

Kwako Baba Kulwa,

Salamu baadaye. Nimetoka kupimwa moyo, na nakuandikia hata viatu sijavua, hapa kwa dada yangu, mtaa wa Kambarage. Jamani! Sijui nilie au nicheke.

Unakumbuka kule machimboni Buseresere? Mimi na chupa zangu za chai ya kuuza, wewe unatoka shimoni vumbi hadi kwenye kope. Ukiosha mawe na kuona hata uzi mwembamba wa dhahabu kwenye karai, unapiga mluzi, unaniita, "Njoo uone!" Karai likitoka tupu, unalimwaga. Unakusanya sururu na kamba zako, unahamia shimo jingine. Nilikupendea hilo. Nilijisemea huyu mwanaume hapotezi muda.

Kumbe na mimi!

Siku ya kipimo cha kwanza uliinamia ile skrini ya ultrasaundi kama unavyoinamia karai. Daktari alikuwa anapitisha kifaa kifuani kwangu, mimi namwangalia yeye, wewe unaangalia picha. Akasema vali iliyoharibika, ule mlango wa damu, itabadilishwa, ila moyo umetanuka na msuli wake umechoka. Kwa picha ile, nitapona kwa shida, na huenda nguvu zisirudi zote.

"Kwa hiyo hapo hamna kitu?" ukauliza.

"Sijasema hivyo, baba. Akishafanyiwa upasuaji tutampima tena. Moyo ukipunguziwa mzigo, kuna wakati unajirudi."

Hayo ya mwisho hukuyasikia. Nilikuona ulivyonyoosha mgongo.

Nikapasuliwa. Kidonda bado kibichi, nikikohoa naona nyota, ukaja wodini na begi. Ukasema kuna dhahabu imelipuka kule Chato, unakwenda kuangalia, Jumamosi utarudi. Nikakwambia, "Haya, Baba Kulwa, uende salama." Nikakukumbusha na sweta! Jumamosi ikapita. Ukampigia dada, mimi hapana: "Mwambie Mama Kulwa asinisubiri." Haki ya Mungu! Mtu mzima, anapumua, kakuzalia mapacha, unamhama? Kwa sampuli moja?

Leo ni daktari yule yule. Kanipaka ile jeli ya baridi, kapima, karudia tena. Roho ilikuwa mkononi. Nikawaza wewe uliona sawasawa, mimi ndiye niliyekuwa najidanganya kumeza dawa kila siku. Mara akanigeuzia skrini.

"Tazama, mama. Moyo umepungua, na unasukuma damu vizuri. Kwa picha ile ya kwanza, sikuutegemea hivi."

Weee! Moyo ule ule, Baba Kulwa! Unadunda pale mbele yangu, vali mpya inafunguka na kujifunga. Nikageuka kukuita uone, mkono nimeshaunyoosha, mdomo nimeshaufungua. Kwenye kiti kulikuwa na mkoba wangu na kitenge.

"Unamtafuta nani?" daktari akaniuliza.

Nikamwambia simtafuti mtu.

Nilikuwa nimejiandaa kufa, na hasira nilikuwa nazo za kutosha. Kupona sikujiandaa. Sikujua kwamba nikipona bado wewe ndiye nitakayetaka kumwambia.

Mvua zimeanza. Usishuke shimoni udongo ukiwa umelowa, na sweta uvae. Kurudi usirudi.

Mimi mzima,
Mama wa Kulwa na Doto