Msiba wa Kioo cha Nyuma

Rooty Hill, Sydney
Jumatano asubuhi

Kaka Daudi,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kioo cha nyuma cha pikapu yangu, kilichotokea ghafla Jumamosi iliyopita saa nne asubuhi, mbele ya geti la nyumba yangu. Marehemu alikuwa na afya njema, hajawahi kupata hata mkwaruzo. Ameacha vioo wenzake watano na mwenye gari mmoja. Mazishi yalifanyika papo hapo kwa fagio na ndoo, na kwa sababu ya masharti ya ugonjwa huu, waombolezaji walisimama kila mmoja getini kwake.

Baada ya tangazo hilo, shikamoo kaka. Mgongo unaendeleaje? Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba sasa unakaa barazani juu ya mito miwili na unawafokea madereva wa malori wanaopita. Nilifurahi. Siku nitakayosikia umewaacha wapite kimya ndipo nitaanza kuogopa. Na Mama mdogo, kile kikohozi kilimwisha? Mwambie asiende sokoni bila barakoa, hata kama anasema inamfanya asitambulike na wateja. Wateja wanamtambua kwa sauti.

Utajiuliza kwa nini nimechukua kalamu wakati kuna simu. Ni kwa sababu sauti ninazokutumia unazifungua kwa spika mezani, halafu nyumba nzima inanijadili. Barua hii isome peke yako. Ukiendelea kusoma utaona kwa nini.

Huku tumefungiwa, kaka. Mji mzima umefungwa, lakini sisi wa upande huu wa magharibi tumefungiwa kwa funguo mbili. Ibada tunasali kwenye simu, na Jumapili iliyopita mchungaji aliganda kwenye kioo akiwa amefumba jicho moja, tukamtazama hivyo dakika kumi. Mimi bado naenda ghalani kupanga maboksi kwa sababu watu lazima wale. Nimenenepa, maana mimi pia ni watu.

Aliyepata kazi ngumu ni Roza. Unajua mke wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee: anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Mwezi uliopita ugonjwa uliingia humo. Na hapa nyumbani tunaishi na mama yake, mwenye pumu ile unayoijua, ambaye akipanda ngazi tatu tu anasimama kutafuta hewa. Basi jioni moja Roza alirudi kazini, hakuingia ndani. Alituagiza tumtolee godoro, akalipeleka kwenye gereji. Akatunga sheria hapo hapo: anayemgusa yeye haingii nyumbani mpaka hatari iishe kule kazini. Chakula tunaweka kwenye stuli, tunarudi nyuma hatua nne, ndipo anachukua.

Gereji yenyewe ni bati na saruji, na huku Julai ndicho kipupwe chenyewe. Roza halalamiki. Akisema kuna ubaridi kidogo, ujue nje majani yamekuwa meupe kwa barafu. Wiki ya tatu akaanza kukohoa. Kipimo kikasema si ugonjwa ule, ni baridi tu. Lakini asubuhi nilikuwa nasimama jikoni, yeye anakohoa upande ule, mama yake anakohoa upande huu, kama watu wanaosalimiana, na mimi katikati na kikombe kimoja cha chai nisijue nimpelekee nani kwanza.

Msaada ulitoka tusikotegemea. Kuna bibi mmoja anayehudumiwa na Roza ambaye mwanawe, Greg, amekatazwa kumtembelea. Kila jioni Roza anamshikia yule bibi simu ili aone uso wa mwanawe. Siku moja likamponyoka Roza neno kwamba yeye analala gereji. Greg akanipigia kesho yake: ana karavani ambayo mama yake alikuwa akisafiria, imesimama tu uani kwake St Marys. Ina kitanda, jiko, choo na hita. Tukae nayo mpaka mambo yatulie, ila niifuate mwenyewe, maana pikapu yake ya kuivutia alishaiuza.

Sasa sikiliza, wewe ni mtu wa fani. Hii si karavani ya kufunga kwenye ndoano ya bampa. Ni ya aina ile ambayo shingo yake inakuja juu ya bodi ya pikapu na kukaa kwenye sahani ya chuma, kama semi-trela yako kabisa. Greg alinifungia sahani hiyo kwenye bodi kutwa nzima, mimi nikimshikia spana na kumkubalia kila alichosema. Tatizo ni kwamba pikapu yangu ni dabo kebini. Nafasi yote imeliwa na viti vya watoto, bodi imebaki fupi kama kaptula. Greg akanionyesha kwa mikono: ukienda moja kwa moja hakuna neno, kona pana hakuna neno, lakini ukikata sana, pembe ya karavani itakuja kukugonga kisogoni. Akauliza kama angekuja yeye kuniingizia uani, atavaa barakoa na hatamkaribia mtu.

Nikamwambia, "Usijisumbue. Mimi nimeendesha semi."

Hapa, kaka, weka karatasi chini kidogo uvute pumzi. Najua, na wewe unajua, ni nani kati yetu aliyeendesha semi Dar mpaka Kigoma miaka ishirini, na ni nani aliyekuwa utingo wake kwa wiki tano akashushwa Nzega kwa kusahau kuweka gogo nyuma ya tairi. Lakini Jumapili ya kwanza tulipofika kanisani hapa, kila mgeni alitakiwa kusimama na kusema alikuwa nani kwao. Aliyenitangulia alikuwa muuguzi. Mwingine mwalimu mkuu. Ilipofika zamu yangu, mdomo ukajifungua wenyewe: dereva wa semi. Tangu siku hiyo naitwa Dereva, na maisha yako nimeyavaa kama koti la kuazima.

Barabarani nilikwenda vizuri, niamini. Kona zote nilizipanua mpaka wenye magari madogo wakanipisha kwa heshima. Nilipofika mtaani kwetu, majirani wote walikuwa wametoka kwenye mageti yao na barakoa zao. Mama mkwe dirishani, pazia limefunguliwa. Roza mlangoni pa gereji, amejifunika blanketi. Binti yangu Neema, ambaye siku hizi nikimwambia jambo kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, alikuwa ameinua simu arekodi.

Kilichobaki kilikuwa kuirudisha nyuma iingie ubavuni mwa nyumba. Unajua watu wetu gari likirudi nyuma: kila mtu ni utingo. "Njoo, njoo!" "Kushoto kidogo!" "Hapana, kulia!" Anayesikilizwa zaidi ni Mzee Festo, jirani yetu wa mlango wa pili, Mkongo kutoka Uvira, mzee wa kanisa, ambaye hajawahi kuendesha hata toroli lakini ana mikono mirefu na sauti ya kuamrisha. Alijisimamisha nyuma kabisa. Basi mzee akanielekeza, nikakata, karavani ikaja, na kioo kikafariki.

Tuliingiza karavani hatimaye kwa kwenda mbele na kurudi mara kumi na moja. Na kwa kuwa Roza alinikimbilia na kunishika nilipopatwa na ajali, sheria yake imeniangukia na mimi: siruhusiwi kuingia ndani. Naishi naye kwenye karavani, nikisubiri vipimo vya kila siku, na mpaka sasa vyote vinasema sisi wazima. Meza ninayoandikia inakunjwa na kuwa kitanda. Hita inanguruma kama paka. Roza amelala hapa nyuma yangu baada ya zamu, na leo ni siku ya pili sijamsikia akikohoa.

Nisalimie shemeji, mkeo, na umwambie shuka alizotarizi ndizo tunazolalia humu. Nisalimie Mama mdogo na sauti yake. Nisalimie shangazi wa Kasulu, na yule mjomba fundi baiskeli anayedhani Australia iko karibu na Austria. Mwenyezi Mungu aushike mgongo wako kwa mkono wake, mimi siwezi kuufikia.

Ni mimi mdogo wako, utingo uliyemshusha Nzega,
Zakaria

Kaka, nimeshaikunja barua nikaikunjua tena. Ni alasiri sasa. Siwezi kukutumia ilivyo.

Mzee Festo hakuniambia nikate. Aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa akapiga kelele kwa Kiswahili cha kwao, ambako dereva ni shofere, "Shofere, simama! Simama, iko inakugusa!" Niliiona mikono kwenye kioo cha pembeni. Niliisikia sauti. Lakini Roza alikuwa ananitazama, mtaa unanitazama, nami nikakukumbuka wewe siku ile Manyoni, ulivyoiingiza semi kwenye ua wa ghala kwa mkono mmoja, mwingine umeshika muhogo, na watu wakapiga makofi. Nilitaka kuwa wewe kwa nusu dakika. Nikaachia mkono mmoja, nikakata usukani wote. Kichwa cha semi yako kilikuwa na nafasi nyuma yake. Bodi yangu haikuwa nayo.

Roza alikuja mbio, blanketi limebaki chini, akaingiza vidole kwenye nywele zangu kutoa vipande. "Baba Neema, umeumia? Usitikise kichwa. Tulia." Ndiyo mara yake ya kwanza kunigusa tangu ahamie gereji. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Badala yake nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Si mzee ameniambia nikate!"

Mzee Festo akashusha mikono taratibu. Akasema, "Ndiyo. Ni mimi. Sikupima muzuri."

Tangu siku hiyo vijana wanamtania akipita. Wanamuuliza kama anaweza kuwaelekeza waegeshe baiskeli. Na yeye ndiye aliyetuwekea mfuko wa dagaa getini, kuomba radhi.

Leo baada ya kukunja barua nilitoka nikamkuta kwenye kiti chake cha plastiki, ng'ambo ya uzio. Nikamwambia, "Mzee, wewe ulisema nisimame."

"Niko najua nilisema nini."

"Mbona ukakubali?"

Akanitazama kama mtu anayepima mzigo. "Mama mukwe wako alikuwa kwa dirisha. Bibi yako alikuwa na vidole ndani ya nywele zako. Nikuite muongo pale? Mimi niko muzee, haya yangu inapita na upepo. Yako ingelala ndani ya nyumba."

Nilikwenda mpaka dirisha la sebule, nikasimama hatua nne, nikamwita mama mkwe. Nikalisema lote, la mzee, la kioo, na la semi ambayo sikuwahi kuiendesha, kwa sauti ile ile niliyodanganyia, mpaka mageti yakafunguka.

Mama akavuta pumzi yake ya pumu. "Nilikuwa dirishani, mkwe. Niliiona mikono yake. Nimekuwa nahesabu siku."

"Ngapi, mama?"

"Nne," akasema, akafunga pazia.

Mchana mama mkwe alichinja mmoja wa kuku wake wa uani. Neema alileta sahani kwenye stuli. Firigisi, ambayo tangu nimuoe binti yake haijawahi kwenda kwa mtu mwingine, ilipelekwa kwa Mzee Festo. Mimi nililetewa shingo, kaka, nikaila, na nimeshiba.