Bado Zinapoa

Shangazi mpendwa, naomba msaada wako, ila kwanza nikueleze kazi zetu, maana bila hivyo shida yangu utaiona kichekesho. Mimi nakuza fuwele maabara, nayeyusha chumvi kwenye tanuri kisha naiacha ipoe taratibu mpaka chembe zake zijipange safu kwa safu, na pale safu inapokatika njiani hubaki mstari wa kasoro tunaouita mteguko, na mume wangu, ambaye anachunguza chanzo cha ulimwengu, anaamini kwamba ulimwengu nao ulipokuwa ukipoa hapo mwanzo ulibakiwa na mistari kama hiyo na kwamba iko huko juu mpaka leo. Ulimwengu hautiwi tanurini, kwa hiyo fuwele zangu ndizo shahidi wake. Sasa shahidi amegeuka, Shangazi. Kila nikitazama kwenye hadubini naona miteguko inakutana na kufutana, haibaki hata ya kumwonyesha, nimebadilisha chumvi, nimebadilisha tanuri, nimeulaumu umeme, jibu ni lile lile. Na wiki ijayo anasafiri kwenda kusimama mbele ya wakubwa wa fani yake kuitetea nadharia aliyoilea tangu hatujaoana. Kila jioni akivua viatu mlangoni ananiuliza, "Mama, fuwele zimesemaje?" nami namjibu, "Bado zinapoa, baba," halafu najitia kukoroga sufuria. Mama mkwe nilimdokezea, akaniambia, "Mkwe wangu, mwache mwenzio asafiri na moyo mweupe, akirudi utamwambia." Nampenda sana mume wangu na naogopa nikisema nitamvunja. Nifanye nini?

Mama Fuwele


Mama Fuwele, pole. Kumpenda mtu na kuwa na habari yake mbaya mfukoni ni mzigo, nakuhurumia kweli. Lakini huruma yangu inaishia hapo.

Hebu niambie, tanuri duniani ni lako peke yako? Ukumbini humo atakuwemo mwingine anayekuza fuwele, atanyoosha mkono, na mumeo atamjibu kwa kujiamini kwamba mke wake bado anasubiri zipoe. Hapo ndipo utakapomvunja, mbele za watu, na kwa mkono wako. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mama mkwe mpe heshima yake yote, ila kwa hili amekosea.

Tena unamdharau mumeo bila kujijua. Asiyetaka jibu haulizi kila jioni.

Usimwambie mbele ya sufuria. Mpeleke maabara, mkalishe kwenye kiti chako, atazame mwenyewe, nawe ufunge mdomo. Akisema tanuri lako bovu, mwache aseme. Akinuna, mwache anune, ni haki yake, amelea kitu miaka na kimemgeuka. Akimaliza, kaeni pamoja mwone atakachokwenda kusema huko. Pengine ataahirisha safari, pengine atasimama aseme fuwele zimemkatalia, na sijasikia bado kwamba watu wa kazi yenu wanafukuzana kwa kusema kweli. Kukosea kuhusu ulimwengu si aibu, maana wenyewe ni mkubwa. Kudanganywa na mke ndiko kutakakomuuma.

Leo jioni atavua viatu na atauliza. Zimeshapoa, mwanangu. Mwambie.