Radhi ya Mlowezi

Braamfontein, Johannesburg
9 Machi 2016

Baba yangu Mzee Ameir,

Shikamoo. Natumaini waraka huu utakukuta ukiwa mzima, na kwamba ukungu wa jicho lako la kushoto haujazidi. Mimi ni mzima wa mwili; roho ndiyo haitulii. Tangu Juni nimehama chumba mara tatu.

Sura ya nne ya kitabu changu imekwama kwenye neno moja. Unajua kwamba nawaandikia wasomaji wetu jinsi walowezi wa Kiholanzi walivyojitoa katika himaya ya Waingereza. Waliondoka koloni la Rasi kwa magari ya maksai, wakavuka Mto Vaal, wakajitawala bila idhini ya mtu. Tarehe 17 Januari 1852 wajumbe wa Uingereza wakatia saini mkataba wa kuwatambua. Je, niuite uhuru? Mkataba huohuo uliwaruhusu walowezi kununua baruti, ukawanyima wenyeji, na katika wenyeji hao hakuna aliyeitwa mezani. Wewe uliyesahihisha prufu katika kiwanda cha uchapaji miaka arobaini, nipe neno.

Jambo la pili. Chuo kimenipa nafasi ya kudumu, na kinataka jibu kabla ya Januari kwisha. Nilipoondoka mwaka 2011 nilikuahidi mlangoni, mkono wako ukiwa kichwani mwangu, kwamba nikimaliza shahada nitarudi. Anayeweza kunifungua ni wewe peke yako. Naomba radhi yako nibaki.

Waraka anaubeba Mwanaharusi, yule anayeuza mashuka katikati ya jiji na kuja Tanga kila baada ya miezi michache. Amenicheka: "Eish, Mayasa! Barua tena? Si umpigie simu mzee wa watu!" Nimemwambia kwamba maneno ya simuni huyapati vizuri, na hata ungeyapata, hulikubali neno usiloweza kulitia alama ya kalamu.

Mwanao mtiifu,
Mayasa


Ngamiani, Tanga
30 Mei 2016

Mwanangu Mayasa,

Marahaba. Ukungu umezidi, lakini kosa lako bado naliona: umeandika "himaya" ulipotaka "dola". Himaya ni ulinzi, na watu hawaukimbii ulinzi.

Kuhusu uhuru, usiliandike neno hilo kabla hujauliza ni wa nani, na juu ya nani. Andika kwamba walijitenga, kisha wakatambuliwa. Wewe mwenyewe uliwahi kunieleza kwamba baada ya miaka ishirini na mitano Waingereza waliitwaa tena nchi ile. Saini inayoweza kufutwa na aliyeitia ni ruhusa tu.

Jambo lako la pili sitalijibu mpaka unijibu hili. Watu wale walikuwa wamekwisha kuondoka miaka kumi na sita. Walikuwa na ardhi, bunduki na baraza lao. Walitaka nini tena kwa saini ya yule waliyemkimbia? Wewe umekuwa mlowezi. Bila shaka unajua.

Mpwa wangu Karimu amerejea kutoka huko kwenu na mkewe Murielle, Mkongomani wa Lubumbashi. Anapika vizuri na ana adabu, ila Kiswahili chake kinanichokoza. Jana nilimwita, akajibu kutoka uani, "Baba, niko nakuya!" Nikamwambia, "Uko, au unakuja? Chagua moja." Alicheka hata akamwaga mchele.

Babako,
Ameir


Turffontein, Johannesburg
21 Agosti 2016

Baba yangu,

Shikamoo. Pole kwa macho. Msalimie Murielle, na umwonee huruma.

Nimehama tena. Dirisha langu linatazama uwanja wa mbio za farasi. Wanakimbia kwa nguvu zao zote na kuishia palepale walipoanzia. Nimelazimika kununua pazia.

Jibu langu ni hili. Walitaka saini kwa sababu aliyeondoka bila kuruhusiwa huenda huku akigeuka nyuma. Walijenga nyumba, lakini kila vumbi lililotimka upande wa kusini walidhani ni askari. Hawakuwa wakiomba nchi, maana nchi walikwisha kuwapokonya wenyeji. Walikuwa wakiomba kuacha kugeuka.

Nami nageuka, Baba. Simu ya jirani ikilia nadhani naitwa nyumbani. Sikumpokonya mtu ardhi, nakodi chumba. Nawe si dola. Kwa hiyo nakuomba mara ya pili, na sitakuomba ya tatu.

Mwanao,
Mayasa


Ngamiani, Tanga
18 Desemba 2016

Mwanangu Mayasa,

Huku ni wazima. Macho yamekataa kabisa, na daktari amenikataza kusoma na kuandika.

Jibu lako limenitosha. Nimekuachia radhi. Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Babako,
Ameir
(kwa mkono wa Murielle)


Turffontein, Johannesburg
4 Februari 2018

Mzee Ameir,

Shikamoo. Hali yako naipata kwa Mwanaharusi, kwa hiyo sikuulizi.

Naurudisha waraka wako wa Desemba 2016. Nimeusoma kwa zaidi ya mwaka na maana yake haikubadilika. Kwetu, mzazi akimpa mtoto radhi amembariki. Akimwachia radhi amemlaani. Nilijaribu kumtwika Murielle lawama. Lakini nakujua: hujapata kuiacha karatasi itoke mkononi mwako kabla haijasomwa mara ya pili. Basi neno ni lako.

Nafasi ya chuo niliiacha ipite, kwa kuwa sikuweza kuijenga juu ya laana. Nyumbani pia sikuja, kwa sababu hiyohiyo. Nafundisha kwa saa, leo chuo hiki, kesho kile, na jioni narudi kwenye pazia langu. Kitabu kimekwisha. Nimeandika "walijitenga, kisha wakatambuliwa", kama ulivyoelekeza.

Mayasa


Ngamiani, Tanga
29 Machi 2018

Mwanangu,

Naandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwa jicho moja lililopasuliwa mwezi uliopita. Uvumilie mistari inayopanda na kushuka.

Murielle alinisomea waraka wako. Alipofika kwenye neno lile nilimwambia arudie, akarudia, kisha akaniuliza, "Baba, kosa iko wapi? Kwetu ukimwachia mutu kitu, umemupa." Nilikuwa nimetamka "nimekupa". Yeye aliandika lililo sawa na hilo kwao, wala hakukosa.

Nilikosa mimi. Siku ile alipomaliza kuandika aliniuliza, "Nikusomee?" nami nikakataa. Miaka arobaini kiwandani nilisomewa tangazo la mnada na taarifa ya msiba, kila kimoja mara mbili, lakini neno la kukufungua sikutaka kulisikia tena. Niliona haya, maana nilikuwa nikilia mbele ya mke wa mpwa wangu. Ndiyo sababu nilikukataza kuandika tena juu ya jambo lile. Uliponyamaza, nikadhani umetii.

Waraka ule wa Desemba nimeuambatisha. Nimeufanyia kazi yangu: "achia" nimelikata kwa wino mwekundu, pambizoni nimeandika "pa", nikatia saini na tarehe. Nafasi yako ya chuo siwezi kuirudisha. Hakuna alama ya kalamu kwa jambo hilo.

Ukitaka, njo.

Babako


Turffontein, Johannesburg
12 Mei 2018

Baba yangu,

Shikamoo, na hongera kwa jicho. Waraka nimeupokea, nao uko ukutani, wino mwekundu ukinitazama.

Nafasi ile amepewa mwanamume mmoja mpole. Kila Jumanne tunakutana kwenye robot ya Braamfontein tukisubiri taa ya barabarani itugeukie, tunasalimiana, kila mtu anashika njia yake. Bado inauma. Sitakuficha.

Katika waraka wako kosa moja limekupita: "njoo" umeipunguzia herufi. Nimeliacha lilivyo.

Jana Mwanaharusi alinipeleka kwa wakala wa basi la Dar es Salaam. Nikasema nataka tiketi ya kwenda na kurudi. Wakala akainua kalamu: "Dada, kwenda ni wapi, na kurudi ni wapi?" Mwanaharusi akaangua kicheko: "Umuulize huyo? Hapo mtakesha!" Nilisimama nikifikiri hata waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuguna. Mwishowe nilimwambia aandike tarehe tu.

Nitafika kabla ya Idi. Nitaondoka tarehe 30 Juni.

Mwanao mlowezi,
Mayasa