Boriti ya Kati ya Baraza Lako

Shemeji yangu Zakaria,

Shikamoo. Nasubiri kidogo hapa, kama nilivyokuwa nasubiri umeze tonge kwanza ndipo uitikie. Basi. Nachukulia umeitikia.

Nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, nyundo yako iko magotini, na baraza lako la mbao liko mbele yangu. Limesimama. Jua limelipiga, vanishi inang'aa, mgeni akipita atasema ni hoteli. Ninachotakiwa kufanya ni kushuka hapo kwenye mteremko, niingie chini yake, niinue macho niitazame boriti ya kati. Ni hapo tu. Shemeji, siwezi. Tangu asubuhi niko hapa. Dada amepita na ndoo akanitazama, akapita tena. Hajasema kitu, na wewe uliyemwoa unajua dada yangu akinyamaza maana yake nini.

Mimi huyu, ambaye kiboko wa mto Ruvubu alitoka majini akanikuta naoga, tukatazamana, akarudi yeye. Ulikuwa unasema kila nikiisimulia ile habari kiboko anazidi kunenepa. Sawa. Leo hata huyo mnene namtamani. Kiboko unamwona kwa macho, unajua uogope wapi.

Ngoja nianze mwanzo, maana mengi hukuyaona.

Tangu tukuzike pale pembeni ya migomba, hakuna aliyekaa barazani. Dada alikuwa hataki hata kukiona kiti chako. Mvua zikaja, zikaondoka, zikaja tena. Majani ya mparachichi yakaozea katikati ya mbao. Juu pakaota ukungu wa kijani, utelezi kama mgongo wa kambale. Mbuzi wakahamia. Siku moja dada alipeleka maharage kuanika, ubao ukamfungukia, mguu ukazama mpaka gotini. Akautoa, akaokota maharage yake yote kimya, halafu akaziba mlango wa baraza kwa matawi ya miba.

Unakumbuka ulivyolijenga watu walivyokucheka? Ulikuwa umerudi kutoka kule porini Biharamulo ulikojenga nyumba za wageni, ukasema na sisi Nyakisasa tutakaa nje kwenye mbao, tutazame bonde kama watalii. Majirani wakasema Zakaria anajenga jukwaa, anataka udiwani. Ulipomaliza ukawaita wote wapande. Ukawaambia waruke, wakanyage kwa nguvu zote. Wewe ukashuka chini kwenye mteremko, ukakaa juu ya lile jiwe bapa, chini kabisa ya miguu yao, umeinamisha kichwa. Ukasema, "Fundi hukaa chini ya kazi yake." Mimi nikasema moyoni, kumbe na huyu anajua kujionyesha. Nikakupenda zaidi.

Basi binti yako Yusta akaposwa. Na hukohuko Biharamulo. Tulipokaa kikao cha kumuaga, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Nataka niagwe barazani kwa baba." Watu wakatazama chini. Kila mtu anajua mguu wa mama yake ulikozama.

Nikasimama. Si unanijua. Nikasema, "Niachieni mimi. Kwani Zakaria nani alimfundisha kushika randa?"

Dada akasema, "Wewe ulimfundisha kushika mrija wa pombe."

Walicheka mpaka mzee wa kanisa akavua miwani afute macho. Lakini kazi nikapewa, maana hakuna mwingine aliyeitaka.

Nilifanya kazi, shemeji, hilo nikutangazie huko uliko. Niliondoa miba, nikafukuza mbuzi, nikachokoa uozo wote kwenye nyufa kwa kisu. Kisha nikamwaga maji. Ndoo juu ya ndoo, na sabuni ya unga, na brashi ngumu, nasugua nimepiga magoti kama mtu anayetubu. Ule ukijani ukashuka mteremkoni kama uji wa mlenda. Mbao zikaanza kurudia rangi yake, ile rangi ya asali iliyokaa. Yusta alitoka akaiona, akavua kandambili akatembea peku polepole, kila ubao akiujaribu kwa kidole kwanza. Akasema, "Mjomba, kumbe lilikuwa humu ndani muda wote." Nikageuka nikajifanya natafuta brashi.

Siku hiyohiyo, nikiwa bado nimelowa, nikashuka chini nikaanza kugonga boriti kama nilivyokuwa nakuona wewe ukigonga. Za pembeni zikanijibu vizuri. Ya kati nikaigonga, ikanijibu kama gunia la unga. Du. Nikarudia, du. Moyo wangu ukafanya hivyohivyo. Nikasema boriti imeoza ndani, na hapo juu ndipo mtungi wa pombe utakapokaa, na mtungi ulipo ndipo wazee watakapokaa na mirija yao, na wazee walipo ndipo ngoma itakapokuja.

Kuing'oa nisingeweza bila kubomoa baraza zima. Nikakata mkaratusi kwenye shamba la mjukuu wa jirani, nikapasuliwa boriti mpya, nikaibeba mwenyewe begani kutoka bondeni. Watu watakuambia tulikuwa wanne. Walikuwepo, ndiyo, lakini uzito ulikuwa kwangu. Nikaipachika ubavuni mwa ile yako, nikaipigilia misumari mirefu niliyoifuata madukani Benaco. Kisha nikaitoa nguzo iliyokuwa chini ya boriti yako nikaihamishia chini ya boriti yangu. Nikajiambia mzee apumzike, kijana abebe. Nikabadilisha mbao zilizooza, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Jirani mmoja akaniambia nipake oili chafu, eti mchwa hawataigusa. Nikamuuliza, na gauni la bibi harusi nalo mchwa wanalitaka?

Lakini boriti mbichi inaongea, shemeji. Nikiwa nimekaa nakula, nasikia inalia. Ka. Nikigeuka, kimya. Wewe uliwahi kuniambia, "Mlio mfupi ni mti unakauka. Mlio mrefu ni mti unaomba msaada." Nikaanza kuupima kila mlio. Huu ni mfupi? Huu je? Mtu wa kumwuliza angekuwa wewe, na wewe uko kwenye migomba.

Kusema siwezi, nilishindwa. Badala yake, mdomo wangu ukafanya kazi yake. Wageni wa Biharamulo walipofika jana, na suti zao na vitenge vyao vya sare, nikawatangazia mbele ya wote kwamba kwetu fundi hukaa chini ya kazi yake, na mimi mjomba wa binti nitakaa chini mpaka ngoma iishe. Wakapiga makofi. Yusta hakupiga. Alinivuta pembeni, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Ukisikia nyundo inagonga nguzo, watoe watu. Usiulize." Akanitazama usoni muda mrefu, akaitikia kwa kichwa.

Nikashuka, nikakaa juu ya jiwe lako.

Na hapo ndipo nilipojua, Zakaria. Hukukaa pale kujionyesha. Pale chini unasikia kila kitu. Unasikia kiatu cha mzee mzito, unasikia bilauri ikiwekwa, unasikia wanawake wanahama upande mmoja kumwona bibi harusi. Vumbi linakudondokea machoni. Ulikuwa unasikiliza. Miaka yote hiyo nimekusimulia kama shujaa, kumbe ulikuwa umekaa pale kwa sababu nawe uliogopa, ukaipa hofu yako kazi ya kufanya.

Mtungi ukawekwa katikati. Ngoma ikaanza. Vijana wetu wakaruka, unawajua, wakishuka wanashuka na ardhi. Ka, ikalia. Fupi. Ka. Fupi. Jasho linanitoka kwenye suti niliyoazima. Halafu wale wa Biharamulo nao wakaingia kucheza, na ukaja mlio mwingine. Mrefu. Ulianza upande wa bonde ukaja taratibu juu ya kichwa changu kama mtu anachana kanga.

Ningeweza kunyamaza. Nikuambie ukweli, niliwaza kunyamaza. Niliwaza nikigonga, ngoma ikikatika, watu wakishuka na mbao zisianguke, nitakuwa nani hapa Nyakisasa. Halafu nikaiona kati ya mbao mbili ncha ya kiatu cheupe. Cha Yusta. Kilikuwa kimesimama, hakichezi. Alikuwa anasubiri nyundo yangu.

Nikagonga. Niligonga ile nguzo mpaka mkono ukafa ganzi.

Aliwatoa wote. Sijui alisema nini, nilisikia tu miguu inakimbilia upande wa nyumba na viti vinaanguka. Pombe ikanimwagikia kutoka juu. Nilipotoka nimelowa, nimejaa vumbi, baraza limesimama pale pale, zuri, halijatikisika hata kidogo. Mshenga wao, mzee mmoja mwenye kofia ya pama, akanitazama juu mpaka chini akasema, "Tumekuja kuchukua mke, tumepata na tetemeko la ardhi la mtu mmoja."

Walicheka sana. Kila mtu alicheka. Ngoma ikahamia uani kwenye vumbi, na gauni la binti yako likawa jekundu mpaka magotini. Picha za barazani hazikupigwa. Jioni gari likija kumchukua alinishika mkono, akaniuliza polepole, "Mjomba, baba angegonga?"

Sikumjibu. Mimi, shemeji. Akaondoka.

Sasa unaelewa kwa nini siwezi kushuka. Nikikuta boriti nzima, basi nimemharibia mtoto wako siku yake kwa woga wangu, na nilimwahidi baraza la baba yake. Nikikuta imepasuka, basi nilimweka mwenyewe juu ya kaburi, nikapaka na vanishi. Sijui niombe lipi.

Dada amerudi. Amekaa hapa kando yangu kwenye kizingiti, ndoo kaiweka chini. Amesema, "Nenda. Nitakaa hapa."

Naiweka kalamu.

Nimerudi.

Boriti yangu imepasuka, Zakaria. Kutoka mwisho mmoja mpaka wa pili, ngumi inaingia. Ilikuwa imebaki kidogo sana. Na nguzo iko chini yake, chini ya yako hakuna kitu. Ngoma nyingine moja na vyote vingeanguka pamoja.

Nikasimama pale napumua. Kisha nikachukua nyundo nikaigonga boriti yako. Unajua ilivyonijibu? Ngaa. Kama kengele ya kanisa. Nikagonga kwingine, ngaa. Nikachoma kisu, kikagoma. Ni kavu, ni nzima, haijawahi kuoza. Ilikuwa imelowa tu kwa ndoo zangu. Na hapo ndipo sauti yako iliponijia, ile uliyokuwa unaimba kila ukianza kukarabati mlango wa mtu au kitanda cha mtu, mpaka tulikuwa tunakuigiza: "Gonga kwanza, osha baadaye." Nilidhani ni wimbo wako tu wa kazi.

Dada aliniuliza kutoka juu, "Vipi?" Nikamwambia, "Ya mume wako nzima. Yangu imekufa." Halafu akasema, "Ulifanya vizuri kugonga." Sikumbuki mara ya mwisho dada kuniambia nimefanya vizuri. Nilibaki kule chini kidogo mpaka macho yakauke.

Nguzo nimeirudisha kwenye boriti yako kabla sijaja kukuandikia. Miba nimeirudisha mlangoni. Ile yangu nitaing'oa, na mkaratusi mwingine nitaukata, nitaulaza kivulini chini ya mabati, ukae mpaka uache kuongea. Sitauharakisha.

Yusta nitampigia simu leo. Nitamjibu kwamba ndiyo, baba yake angegonga. Na nitamwambia pia kwamba baba yake asingefika pa kugonga, maana angeanza na nyundo kabla ya ndoo. Nitamwambia hivyo tu. Sitaongeza chumvi, kiboko simtii.

Kwaheri, shemeji. Bado naogopa, nadhani nitaendelea kuogopa kila nikisikia mbao. Lakini nakuahidi, siku Yusta atakaporudi kutusalimia amebeba mtoto mgongoni, ataingia barazani kwako na viatu vyake, na kabla hajakanyaga ubao wa kwanza mimi nitakuwa nimeshakaa juu ya jiwe, chini, kimya, nasikiliza.

Ni mimi shemeji yako,
Deogratias