Shuka Alizokunja Mwenyewe

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo, ila mimi miguu imevimba na nimechoka hasa. Siku hizi nasinzia hata nikiwa nimesimama.

Nasikia umewaambia ndugu kwamba nimeshindwa kumtafutia binti yako kazi. Dada, tangu amalize shule maalumu ninayofundisha nimezunguka naye mpaka soli zimeisha, na kila mlango tunaambiwa turudi wiki ijayo. Ni pale kwenye chumba cha kufulia cha hoteli tu walipokubali kumjaribu. Kazi yangu ni kusimama kando yake, kisha kila wiki kurudi nyuma kidogo, mpaka nitoke nje kabisa. Wewe ukaja siku ya kupimwa, ukasema unamsalimia tu. Ukaona rundo la shuka, mikono ikakuwasha, ukazikunja zote. Ulipokwisha kuondoka, msimamizi akauliza nani amekunja vizuri hivyo, binti yako akajibu bila kuficha kuwa ni mama. Msimamizi akasema hakuwa na mpango wa kumwajiri mama.

Nilirudi kumbembeleza mpaka nikaishiwa maneno. Akatupa siku moja zaidi, nadhani ili nimwondokee. Wenzake binti yako kazini humwita Bi Taratibu, kwa utani, naye hucheka. Siku hiyo alikunja kwa mwendo wake, mimi nikichungulia mlangoni. Shuka moja ikaenda upande. Nikashindwa kuvumilia, nikaingia, nikanyoosha mkono. Akaushika, akaurudisha.

“Mama mdogo, toka.”

Nikatoka. Akaifungua, akaikunja upya, msimamizi akimtazama.

Dada, ameajiriwa, na mshahara ni sawa na wa wenzake. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikalia, kwa furaha na kwa uchovu, sijui kipi kilizidi.

Sasa lile ninaloona tabu kukuandikia. Nilimwambia kwamba ukisikia habari hii utakuja kumpongeza.

“Asije kwanza,” akasema. “Siku ile nilikuwa naweza.”

Wasalimie wote hapo nyumbani, na goti ulipumzishe. Ukiwa na neno, usiniandikie mimi. Mwandikie mwenyewe, kwa herufi kubwa. Anasoma polepole, lakini anamaliza.

Ni mimi mdogo wako,
anayekupenda na aliyechoka.