Mama Asiye na Mikono

Mayu, mama yangu,

Mwangaluka. Magoti yameamkaje? Na yule kuku mbishi, bado anatagia kwenye kabati la vyombo? Mimi huku Muscat ni mzima, joto tu linatupika. Nimeandika kwa karatasi na kumpa mwenzangu anayerudi Mwanza, kwa kuwa kwenye simu Minza anasikia kila neno.

Nisikilize bila kununa. Tangu bodaboda iwaangushe Minza na marehemu baba yangu pale Somanda, mwanangu hajasema neno. Ndiyo maana nikamtafuta yule dada wa Dar anayechora na watoto walioumia moyo, kwa simu, kila Jumamosi, nami nikiwa hewani. Lakini wewe simu umeifanya mgeni. Unamvika Minza gauni la kanisani, unamwambia, "Chora maua mazuri, watu wanatuangalia." Wiki saba, maua matupu. Nilicheka, halafu nikaenda kulia chooni, maana bosi hapendi machozi.

Jumamosi iliyopita ulitoka kupokea michembe ya viazi kwa jirani, simu ukaiegemeza kwenye sufuria. Minza akageuza karatasi. Akachora barabara kwa penseli nyeusi, pikipiki imelala, kofia ya babu yake pembeni. Kisha akachora simu, na mimi ndani yake, mdogo kama kidole gumba, sina mikono.

Dada akamuuliza taratibu, "Mbona mama hana mikono?"

"Hawezi kunishika."

Sauti yake, Mayu. Nilikuwa nimeanza kuisahau, na nimeona aibu. Niligusa kioo cha simu kama mjinga.

Uliporudi ukachukua penseli, ukanichorea mikono, eti mtoto amesahau. Minza akanyamaza tena. Sikulaumu, hukujua. Dada anasema mchoro wa mtoto hausahihishwi. Naomba uifute mikono hiyo mbele yake, umwambie bibi alikosea. Gauni la kanisani lisubiri Jumapili.

Nawakumbuka mpaka naumwa. Mkataba wangu unaisha baada ya mavuno ya pamba. Msalimie mama mdogo wa Mwamanyili, na kaka, mwambie asimuuze yule ng'ombe wa baba.

Minza mshike wewe, umshike kwa muda mrefu. Mikono yangu ataichora mwenyewe, siku nitakapokuja nayo.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Limi